Chapati Moja, Madirisha Mawili

"Toa kiwiko chako Kileleni!"

"Kiwiko kimejilaza tu, hakijaomba kazi!"

"Nimesema toa! Mwezi uliopita wamenikata faini kwa ajili ya goti lako!"

"Wakukate!" Chande akapaza sauti. "Si unazo? Si umeongezwa tena wewe?"

Hapo ndipo sauti zilipowafikia majirani. Chande alikuwa amesimama, kiti kimelala chali nyuma yake, mishipa ya shingo imemtoka kama anabeba gunia. Upande wa pili wa meza hiyohiyo alikuwa amekaa binamu yake Mshamu, mtoto wa shangazi yake, katulia zake, kashika barua ya kazini. Mshahara wa Mshamu umepanda tena. Na sababu imeandikwa humohumo kwenye barua, kwa wino mweusi na mhuri wa bluu: chapati ilipanda bei mkoani kwake mwaka jana, barua ndiyo imefika leo.

"Chapati ipi?" Chande alifoka. "Hebu niambie, chapati ipi? Si hiihii ya mama yako? Si imetoka kwenye chuma kimoja na ya kwangu?"

"Ya kwangu imepitia dirisha la kushoto."

"Mungu anakuona, Mshamu."

"Ananiona, tena ananiona nikiwa Kileleni."

*

Sasa usishangae, hii ni Jamhuri ya Sawasawa, nchi ya watu wastaarabu kabisa. Ina mikoa miwili, Kileleni na Bondeni, na ukifika huko usijisumbue kutafuta mlima. Hakuna. Nchi yenyewe bapa kama sinia. Tena mvua ikinyesha, maji yanatoka Bondeni yanakwenda kutuama Kileleni, lakini hayo ni mambo ya maji, na maji hayajasoma katiba. Kileleni ni kileleni kwa sababu Serikali imesema, na Serikali ya Sawasawa haijawahi kukosea. Siku moja tu iliwahi kukosea, na siku hiyo ikafutwa kwenye kalenda. Mpaka leo mwaka wao una siku mia tatu sitini na nne.

Mpaka wa mikoa ni mstari mweupe wa rangi ya mafuta, upana wa kidole gumba, na mstari huo unapita katikati ya sebule ya Shangazi Mwanahawa. Unaingia chini ya kochi, unapanda mezani, unaikata chupa ya chai katikati, unashuka, unakwenda kutokea ukutani baina ya madirisha mawili. Kwenye meza hiyo wanakaa vijana wake wawili: Mshamu aliyemzaa, na Chande, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea. Wote wanaandika programu za kompyuta. Wote wameajiriwa na Kampuni moja ya ng'ambo, na wanaandika programu moja, ya kumkumbusha mtu wa huko kama mbwa wake ameshakula au bado. Haya, kila nchi na shida zake.

Ila Mshamu anapokea mara kumi na mbili ya Chande.

Kwa nini? Sheria. Kifungu cha kwanza kinasema mfanyakazi yupo pale makalio yake yalipo. Kwa hiyo kila kiti kimepigiliwa kibati chenye namba na jina la mkoa, na mshahara unafuata kibati. Siku wapaka rangi walipokuja, Mshamu alikuwa chooni, na choo kipo kushoto. Chande alikuwa kulia, barazani, anamchambulia shangazi yake mchele. Wakaandikishwa palepale walipokutwa. Kuna watu wanapanda kwa elimu, kuna wanaopanda kwa wajomba. Mshamu alipandishwa na tumbo la kuendesha.

Chande angevumilia kama Mshamu angekuwa mkali wa kazi. Lakini ni Chande aliyemfundisha, kuanzia namna ya kuwasha kompyuta. Mshamu akikwama anasukuma kompyuta juu ya mstari, anasema, "Binamu, hebu nichungulilie," na Chande anarekebisha kwa mikono yake ya bei ya Bondeni, halafu kazi inarudi Kileleni kulipwa bei ya Kileleni. Feni ya Mshamu ilikuwa inazunguka mpaka kwenye mstari, inageuka. Friji ya Mshamu ilikuwa inanguruma hatua mbili kutoka mguu wa Chande. Viatu vya Mshamu Chande alikuwa anavijua mpaka idadi ya matundu ya kamba: kumi na mawili kila kimoja.

Na lililokuwa linamuua zaidi ni kwamba Mshamu hakuwa na roho mbaya. Mtu mwenye roho mbaya unamchukia, unapumzika. Huyu anakuuliza, "Binamu, utakunywa maji ya baridi?" Sasa mtu kama huyo unamfanya nini?

*

Kesho yake Chande alivaa shati la Idi akaenda kwenye Tume ya Kusawazisha Tofauti Bila Kuziondoa. Mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Profesa Dokta Mhandisi Kapambala, mtu mwenye ofisi kubwa mpaka ukimwamkia mlangoni anakuitikia ukiwa umeshakaa.

"Marahaba, kijana wa Bondeni. Sema shida yako, lakini iwe fupi, Bondeni shida zenu ni ndogo ndogo."

"Mheshimiwa, mimi na binamu yangu tunafanya kazi moja, meza moja. Kwa nini yeye analipwa mara kumi na mbili?"

"Kwa sababu maisha ya Kileleni ni ghali."

"Kwa nini ni ghali?"

"Kwa sababu watu wake wanalipwa vizuri."

"Na sisi kwa nini tunalipwa kidogo?"

"Kwa sababu maisha yenu ni rahisi. Mungu amewapendelea sana."

"Na kwa nini ni rahisi?"

"Sasa nani atawauzia ghali, na pesa hamna?"

Profesa alilipenda jibu lake mwenyewe, akamwita katibu aliandike. "Hilo, kijana, linaitwa duara la uchumi. Halina mwanzo, halina mwisho, ndiyo maana halina wa kulaumiwa."

"Lakini kompyuta tunanunua bei moja, Mheshimiwa. Bando bei moja. Hata panadoli bei moja."

"Hayo ni matumizi. Tume haipimi matumizi, inapima maisha." Akainua kidole. "Na maisha, katika Jamhuri hii, yanapimwa kwa chapati."

Kweli, ndivyo ilivyokuwa. Shangazi Mwanahawa anapika chapati zake kwenye chuma kimoja, halafu kwa amri ya Serikali anaziuza kwa madirisha mawili. Dirisha la kushoto, Kileleni, chapati ndururu kumi na mbili. Dirisha la kulia, Bondeni, ndururu moja. Mtu wa Kileleni akikamatwa anapanga foleni ya kulia, kosa lake ni kujishusha, jela miezi sita. Kila mwaka Tume inakuja, inanunua chapati moja moja kila dirisha, inapiga hesabu, na waandishi wote wa programu wanalipwa kwa chapati ya kwao. Watu wengine, wafuaji, wajenzi, wachuuzi, hao hawapimwi na chochote. Wanalipwa kinachobaki mfukoni.

"Siku ya Kupima ni lini mwaka huu, Mheshimiwa?"

"Jumatatu ijayo."

Chande alitoka pale anatembea kama mtu aliyeokota kitu.

*

"Nipandishe chapati?" Shangazi Mwanahawa aliweka mchi chini. "Dirisha la kulia? Kutoka moja mpaka kumi na mbili? Chande, umekula nini leo?"

"Wiki moja tu, shangazi. Mpaka wapime. Wakikuta chapati ya Bondeni ni kumi na mbili, na mimi nalipwa kama Mshamu. Basi. Kwani mimi si mwanao?"

"Na watu watakula nini?"

"Wiki moja!"

"Bi Kirobo anafua nguo za mtaa mzima, anakuja hapa na ndururu yake moja asubuhi. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni maendeleo."

Shangazi alimtazama. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, lakini Chande alikuwa ameshaanza kuita jina la marehemu baba yake, na alijua kwamba jina hilo likitajwa mara tatu shangazi hana tena nguvu. Akalitaja mara nne, ya ziada kwa ajili ya usalama. Asubuhi yake kibao kipya kilining'inia dirisha la kulia.

Bi Kirobo alikisoma, akakisoma tena, akafungua fundo la kanga, akaitazama ndururu yake kama imemtukana.

"Mwanahawa, hii chapati imezaa?"

"Muulize mwanao huyo hapo ndani."

Bi Kirobo akachungulia. "We Chande! Ndo' umesoma kompyuta uje kutunyang'anya chapati?"

"Vumilia bibi, mambo yatakuwa mazuri."

"Kwa nani?"

Chande alijifanya ana simu. Mshamu, kushoto, alikuwa anatafuna chapati yake taratibu, macho chini. Alisema tu, "Binamu, hii haijakaa sawa." Na Chande akajibu, "Utasemaje iko sawa, wakati wewe ndiye umeikalia?"

*

Siku ya Kupima ikafika na matarumbeta. Tume ilikuja na magari tisa, mizani ya dhahabu, mwonjaji wa kushoto na mwonjaji wa kulia, na mtu maalumu wa kubeba mwavuli wa mtu wa kubeba mwavuli. Profesa Kapambala alinunua chapati ya kulia. Akaambiwa kumi na mbili. Chande alikuwa ameshapiga hesabu zote. Alikuwa ameshaichagua friji. Kubwa kuliko ya Mshamu. Na viatu vyenye matundu kumi na manne.

"Ndugu wananchi!" Profesa alipanda juu ya ndoo. "Tume imeona, Tume imeonja, Tume imetafakari. Chapati ya Bondeni sasa inauzwa ndururu kumi na mbili. Hii inathibitisha jambo moja kubwa kitaalamu."

Chande akafumba macho.

"Inathibitisha kwamba mtu wa Bondeni hali tena chapati! Atainunuaje? Na kitu kisicholiwa hakiwezi kupima maisha. Kwa hiyo chapati tunaiondoa kwenye kapu la vipimo la Bondeni. Mama mwenye kanga, njoo. Juma hili umekula nini?"

Bi Kirobo alimtazama Chande, hakumwonea haya hata kidogo. "Muhogo wa kuchemsha."

"Bei?"

"Nusu ndururu. Ukijua kumbembeleza muuzaji, robo."

"Andika nusu!" Profesa alipiga makofi, na waliokuja na magari tisa wakapiga pia. "Hongereni sana Bondeni! Maisha yenu yamekuwa rahisi maradufu, na mishahara ya waandishi wenu wa programu itafuata vivyo hivyo!"

"Mheshimiwa!" Chande alipiga kelele. "Mimi nakula chapati! Leo asubuhi nimekula tatu!"

"Tatu?" Profesa aliinama kutoka kwenye ndoo, amepunguza sauti kama daktari. "Kijana, kwa mshahara wako, chapati tatu? Unaiba wapi?"

Chande akafuta makombo mdomoni.

"Limebaki moja," Profesa akaendelea. "Haiwezekani Kileleni wakala kitu cha bei moja na Bondeni. Heshima ya mkoa iko wapi? Kwa mamlaka niliyopewa, chapati ya dirisha la kushoto kuanzia sasa ni ndururu ishirini na nne."

Matarumbeta yakalia. Mshamu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, alikuwa ameongezwa mshahara mara mbili kabla hajameza funda.

*

Zikapita siku tatu. Chande alikuwa anakaa kwenye kiti chake, anaandika habari za mbwa wa ng'ambo waliokula vizuri, na kila Mshamu akikohoa yeye anasaga meno. Bi Kirobo akipita dirishani anaimba.

Siku ya nne Mshamu alifunga kompyuta yake.

"Binamu, sikiliza. Nimechoka kukaa na mtu anayenitazama viatu. Chukua nusu ya mshahara wangu kila mwezi. Tugawane."

"Sitaki yako. Nataka yangu."

"Sasa yako nitaitoa wapi mimi?"

"Hilo ndilo nalosema kila siku."

Mshamu alijikuna kichwa. Halafu, kwa sababu hakuwa mkali wa kazi lakini alikuwa na akili za kuzaliwa, akasema, "Mshahara si unafuata kibati? Kibati si kipo kwenye kiti? Tubadilishane viti. Mwezi wewe, mwezi mimi. Wale mabosi wa ng'ambo hawajui kututofautisha, wote wanatuita Shandi."

Chande alimtazama kuona kama ni utani. Mabinamu ni watani, kila kitu kinaweza kuwa utani. Lakini Mshamu alikuwa ameshasimama.

"Nani anaanza?" Chande akauliza.

"Anza wewe. Umesubiri sana."

Basi Chande akazunguka meza, akavuka mstari, akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto la Mshamu. Feni ikamjia usoni, ikaondoka, ikarudi, kama inamsalimia. Akanyoosha miguu. Kwa mara ya kwanza akaiona sebule kutoka kushoto, na akashangaa jinsi upande wa kulia unavyoonekana mdogo. Mtu aliyekaa kule, ukimwangalia kutokea huku, kweli anaonekana kama hahitaji vitu vingi.

Mshahara ulipoingia akanunua viatu. Matundu kumi na manne. Wiki ya tatu kulikuwa na joto la kukausha mate, na Mshamu akasema kutoka Bondeni, "Binamu, nipitishie maji ya baridi." Chande akawaza. Akasema, "Hivi inaruhusiwa kweli? Kuvusha kitu mpakani? Ngoja niulizie." Mpaka leo hajaulizia.

*

Mwezi ukaisha. Mshamu akaja kusimama mbele yake, anatabasamu, amepungua kidogo mashavuni. Muhogo si chakula kibaya, ila unataka mchuzi.

"Haya, bwana mkubwa. Zamu yangu."

"Ngoja nimalize hii."

Akangoja. Kesho yake akaja tena, Chande akasema ana mkutano. Kesho kutwa akasema kichwa kinamuuma. Siku ya nne Mshamu hakutabasamu.

"Chande, inuka."

"Tukae tuzungumze kiutu uzima," Chande alisema, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya taratibu, kama imesimama juu ya ndoo. "Wewe Mshamu umeshazoea kule. Maisha ya kule ni rahisi. Mimi huku nina gharama."

"Gharama gani?"

"Chapati ishirini na nne hujui? Viatu. Friji inakula umeme."

"Friji yangu!"

"Friji ipo mkoa gani?"

"We mwana hizaya! Mimi si ndiye niliyekupa hicho kiti?"

"Ulinipa kwa sababu ulikuwa unaona aibu. Ungekuwa wa haki ungenipa mwaka wa kwanza! Miaka mitatu nakusahihishia kazi zako, miaka mitatu feni inanigeuzia kisogo, leo mwezi mmoja tu unakuja mbio!"

"Tulikubaliana zamu!"

"Duara halina zamu!"

"Umeanza kuongea kama wale wa Tume!"

Shangazi Mwanahawa aliingia kutoka jikoni, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Hakupaza sauti. Alisimama juu ya mstari, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, jambo ambalo lina faini.

"Chande. Nilimnyima Kirobo chapati kwa ajili yako. Nataka uniambie jambo moja tu. Wewe ulikuwa unataka nini?"

Chande alifungua mdomo aseme haki. Alikuwa na hotuba nzima ya haki, ameitunga tangu mwaka juzi, ina mpaka mahali pa watu kupiga makofi. Lakini alipomwona Mshamu amesimama pale na suruali imemlegea kiunoni, kilichomtoka ni kingine.

"Nilitaka na yeye aone."

Dirishani Bi Kirobo aliingiza kichwa chote ndani.

"Nimeona," Mshamu akasema taratibu. "Mwezi mzima nimeona, binamu. Haya, inuka."

Chande akainuka.

Mshamu akapumua. Alishanyoosha mkono ashike mgongo wa kiti, na shangazi alishageuka arudi kwenye chuma chake, chapati ilikuwa inaungua. Ndipo Chande akainama, akakishika kiti miguu miwili, akakipindua, akakipandisha kichwani na kibati chake kinang'aa mbele kama taji.

"Chande!" shangazi aliita. "Unakipeleka wapi kiti cha watu?"

Chande alikwenda taratibu, kushoto kushoto, akiangalia chini asije akaukanyaga mstari. Akapita friji, akafika mlango wa Kileleni, akainamisha kichwa ili miguu ya kiti isigonge kizingiti, akatoka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imekishika kiti, mlango akaufunga kwa kisigino.